Kichuma cha Saba

Kijiji cha Ujamaa,
Dongobesh, Mbulu.
21 Aprili 1974

Alfredi, mwizi wangu,

Gitaa limefika. Lori la ushirika lilikwama matopeni njiani, dereva alifika mgonjwa, lakini gitaa lilishuka jekundu na safi kama bibi harusi. Mwenyekiti wa kijiji alilipokea kwa mikono miwili, akatoa hotuba, akasahau kulishusha, akahutubia nalo mpaka mikono ikatetemeka. Usiku linalala kwangu kwa sababu ofisi ya kijiji bado haina mlango.

Sasa sikiliza uovu wenu. Uzi mwembamba kabisa, ule wa kwanza, ukibonyeza kile kichuma cha saba cha shingoni, hakuna sauti. Vichuma vingine vyote vinaimba. Cha saba kinasema "tak", kama umegonga debe. Nimebadilisha uzi, bado tak. Nimeliunga kwenye amplifaya ya betri, tak imekuwa kubwa zaidi. Hivi ndivyo duka lenu linavyowatendea wakulima?

Na wewe unaujua wimbo wangu wa palizi, ule nilioanza kuutunga tulipokuwa JKT, ambao nataka bendi ya kijiji iupige Saba Saba pale Mbulu mjini. Kila mstari unaishia kwenye noti hiyo hiyo. Kama mnafanya makusudi, mmeweza.

Dawa amepata Ima. Anakaa kwenye kigoda chake mlangoni, nikifika pale gitaa linasema tak, na yeye anaimba "tiii", noti yenyewe hasa, hakosei. Ana miaka minne tu, nakuambia hakosei. Jana nikajaribu kuichukua noti hiyo kwenye uzi wa pili, huko juu. Akanikasirikia. "Baba, hiyo ni yangu." Basi nimeacha. Odilia anasema nimepata bosi.

Nijibu haraka.

Hermani Tluway


Arusha, 9 Mei 1974

Ewe Hermani mkulima,

Kumbe matopeni huko barua zinatoka. Nimecheka mpaka meneja akatoka ofisini kwake kuniangalia.

Kosa si lako wala langu. Shehena nzima ya magitaa hayo mekundu ina ugonjwa mmoja. Kule kiwandani kichuma cha nane hawakukikaza mpaka chini, kimebaki juu kidogo kuliko wenzake. Ukibonyeza cha saba, uzi unagusa cha nane na sauti inakufa hapo hapo. Kwa macho huwezi kuona. Nimeligundua kwa wateja wengine kabla yako, na kiwanda kimekubali kosa. Wanataka yote yarudi hapa dukani, watayabadilisha.

Kwa hiyo lifunge kwenye blanketi, mpe dereva wa lori, nitalipokea mwenyewe. Karatasi ya dukani niliitia sahihi mimi kwa niaba yako, usiniaibishe.

Mwambie Ima kazi yake inakwisha. Fundi kutoka Arusha anamfukuza kazi bila notisi! Ila nisionekane mkatili, nimempa dereva filimbi ya kumletea, ya chuma, yenye kimbegu ndani. Shemeji Odilia akinilaani nitajua kwa nini.

Alfredi Mgonja


Dongobesh, 16 Juni 1974

Alfredi,

Barua yako nimeipata. Gitaa halitakuja. Halijapotea wala kuvunjika, liko ndani. Siku likiweza kutoka utaambiwa.

Bendi haitakwenda Mbulu Saba Saba, au itakwenda bila mimi. Usinitumie kitu.

Huku ni kawaida.

Hermani


Arusha, 27 Juni 1974

Hermani,

Barua gani hii? Kwanza mwandiko. Wewe unaandika kama kuku aliyetoroka majivuni, na hapa naona herufi zimesimama wima kama askari. Umeajiri karani?

Pili, "liko ndani" maana yake nini? Ndani ya nini? Magitaa mengine yote yamerudi, hata lile lililokuwa Gendabi, na mwenye nalo alilibeba mwenyewe kwa baiskeli mpaka Katesh kupanda basi. Limebaki la kwako. Mtu wa kiwandani anakuja mwisho wa Julai kuyaona kwa macho yake. Meneja ananiuliza kila asubuhi. Jana kaniuliza kama rafiki yangu ameliuza. Nilimjibu vibaya, sasa hatusalimiani.

Mimi nakujua, kwa hiyo nadhani umelipenda na kilema chake, hutaki kuachana nalo. Sawa, lakini niambie. Usiniandikie kama unaandikia serikali.

Na filimbi imefika? Ima anaipuliza? Kama anaipuliza alfajiri mpaka kijiji kinadhani ni mwito wa shambani, basi nimefanikiwa. Mwambie mjomba Alfredi anamsalimu.

Alfredi


Shule ya Msingi,
Dongobesh.
8 Julai 1974

Ndugu Alfredi,

Hatufahamiani. Mwandiko uliouona ni wangu. Mimi ni mwalimu hapa, natokea Bukoba, huu ni mwaka wangu wa pili. Ndugu Hermani ameniomba nisikueleze, nami nimeamua kumkaidi.

Imakulata alifariki tarehe 30 Mei kwa surua.

Kwa wenyeji wa hapa kuna kitu wanaita metimani. Nyumba ikifiwa hivi inajitenga na watu mpaka wazee waifungue, na inaweza kuchukua miezi mingi. Hawatembelewi wala hawatembelei. Hawaombani moto na mtu. Wana njia yao ya kwenda kisimani na ng'ombe wao wananyweshwa peke yao. Kitu kilichokuwa ndani ya nyumba siku ya msiba hakitoki. Gitaa lilikuwa ndani. Hata Mwenyekiti, ambaye gitaa ni la kijiji chake, hathubutu kuliomba.

Zamani nyumba zilikuwa mbalimbali, naambiwa haikuwa shida sana. Sasa tumepangwa mistari, mlango kwa mlango. Majirani wa pande zote mbili wameziba madirisha na kufungua mengine upande wa pili ili wasiwavunjie mwiko wenzao. Nyumba iko katikati ya watu na haina mtu.

Maneno lakini yanaruhusiwa kupita. Kwa hiyo barua zako zinakuja shuleni, mimi nasimama njiani ng'ambo ya uzio wa mabua na kuzisoma kwa sauti kubwa, yeye anasimama uani akisikiliza. Kujibu ni hivyo hivyo, anapaza sauti, naandika nikiwa nimesimama. Mstari mzima wa nyumba unasikia. Nadhani ndiyo maana hakukuambia. Si neno la kupigia kelele.

Barua yako ya Mei niliisoma mimi, siku ya tisa baada ya maziko. Nilipofika pale kwenye kufukuzwa kazi nilikuwa nimeshatamka nusu. Barua ya Juni nimeipitia kwanza. Nilipofika kwenye filimbi niliruka, nikakohoa, nikarudi kwa meneja. Odilia alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Nafikiri alijua kwamba nimeruka.

Filimbi ninayo kwenye droo ya meza yangu. Sijui niifanyeje.

Mwl. Scolastica Kokushubira


Arusha, 20 Julai 1974

Hermani ndugu yangu, na Shemeji Odilia,

Mwalimu amenieleza. Msimgombeze. Mimi ndiye wa kugombezwa.

Nimechana karatasi nyingi. Kila ninaloandika nakumbuka kwamba litasomwa kwa sauti njiani, nalifuta. Lile neno langu la kumfukuza kazi mtoto silisahau. Nilikuwa nacheka nikiliandika. Naumia, Hermani.

Habari za gitaa sahau. Nimemwambia meneja, amenuna, atazoea. Bendi ya kijiji nimewatumia jingine kwa lori, wapige Mwenyekiti anyamaze. Likifika halitakuhusu.

Nilitaka kuja. Kwa alivyoeleza Mwalimu, nitaishia kusimama njiani kama yeye. Mkitaka nije nisimame, nitakuja.

Alfredi


Dongobesh, 18 Agosti 1974

Alfredi,

Usije. Njia ni nyembamba.

Watu waliniambia nitalia. Nilingoja, haikuja. Odilia alilia siku ile na siku ya pili, kisha akanyamaza. Mimi nakula, nalala, nanywesha ng'ombe. Mguu ukifa ganzi unaugonga chini, unajua ni wako, lakini hauna habari na wewe. Niko hivyo mwili mzima. Sikuambii ili unihurumie. Uliandika kwamba unaumia, nikaona nikueleze kwamba mimi siumii.

Jioni nalichukua gitaa. Bila amplifaya linasikika humu ndani tu. Napiga wimbo wa palizi. Nikifika pale linasema tak. Nasubiri kidogo, halafu naingia mstari wa pili. Najua noti ile iko kwenye uzi wa pili, huko juu. Siigusi. Ilishasemwa ni ya nani.

Kwa hiyo hata wazee wakifungua nyumba, gitaa lisitengenezwe. Ulinieleza habari ya kichuma cha nane. Nimeisikia. Usiirudie tena.

Mwalimu amechoka kusimama.

Hermani


Dongobesh, 2 Septemba 1974

Shemeji Alfredi,

Ni mimi Odilia. Baba Ima amekwenda na ng'ombe, nimemwita Mwalimu haraka. Nitasema na majirani watasikia, basi wasikie.

Alikuambia kwamba anasubiri kidogo halafu anaendelea. Si kidogo tena. Mwezi uliopita ilikuwa kidogo. Sasa anabonyeza pale, linasema tak, na yeye anakaa. Anaangalia ukuta. Juzi uji ulipoa mkononi mwangu nikimngoja aingie mstari wa pili. Jana hakuingia kabisa. Alikaa pale mpaka nikawasha taa, nikamvua gitaa shingoni kama unavyomvua mtoto aliyesinzia, akaniacha nimvue.

Haniongeleshi, Shemeji. Watu wameifunga nyumba kwa desturi, hilo nalijua tangu nizaliwe, siku moja wataifungua. Yeye amejifungia ndani zaidi, na huko hakuna mzee wa kumfungulia.

Yeye anafikiri anamwekea nafasi mtoto. Mimi ni mama yake. Kila jioni nakaa nangoja aseme tiii, na kila jioni hasemi. Nilimzika mara moja. Sitaki kumzika kila mstari.

Nilisikia barua yako ya mwezi wa tano, Mwalimu alipoisoma. Ulisema ni kichuma cha nane kimekaa juu. Nieleze kinavyoshushwa. Nina mikono. Nimeshapiga mpini kwenye jembe, nimeshaziba sufuria, siogopi kitu kidogo kama hicho.

Usimwandikie yeye. Andika kwa Mwalimu, naye atanisomea Baba Ima akiwa kisimani na ng'ombe.

Odilia


Arusha, 14 Septemba 1974

Shemeji Odilia,

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Yeye ni rafiki yangu na ameniomba kinyume chake. Nikikujibu namsaliti. Nisipokujibu namwacha akiangalia ukuta. Nimeona bora anichukie.

Tafuta mfuko mdogo wa mtama au maharage, ulaze chini ya shingo ya gitaa, shingo isining'inie hewani. Legeza uzi mwembamba peke yake, usukume pembeni. Hesabu vichuma kuanzia kule kwenye vigingi vya kukazia mpaka cha nane. Chukua kipande cha mti laini, ukiweke juu ya mwisho wa kichuma hicho, upande wa uzi mwembamba. Juu ya mti ndiyo ugonge, kwa nyundo ndogo au jiwe. Usigonge chuma chenyewe. Gonga kama unavyopasua karanga bila kutaka kuivunja ya ndani. Kisha pitisha ukucha kutoka cha saba kwenda cha tisa. Ukucha usipokwama cha nane, basi.

Uzi usihangaike kuukaza sawasawa. Yeye huzikaza nyuzi zote kila anapolishika.

Jambo moja, Shemeji. Kikishashuka hakipandi tena. Hata mimi sitaweza kukupandishia. Ukiwa na mashaka, acha.

Alfredi


Dongobesh, 29 Septemba 1974

Ndugu Alfredi,

Nimemsomea. Alinirudisha kwenye habari ya mti na jiwe mpaka akaridhika. Majirani walitoka nje kusikiliza. Fundi seremala wa mstari wa tatu alipaza sauti kutoka kwake kwamba atumie mti wa mforosadi. Kwa hiyo sasa kijiji kizima kinajua isipokuwa mwenye gitaa, na hakuna anayeruhusiwa kumkaribia kumwambia.

Kama amefanya au hajafanya, sijui. Sijawasikia tena.

Mwl. Scolastica


Arusha, 25 Novemba 1974

Hermani,

Kimya chenu kimekuwa kirefu. Kama nimeharibu, niambie kwamba nimeharibu. Nitalibeba. Ila usinyamaze.

Alfredi


Dongobesh, 2 Machi 1975

Alfredi,

Kuku amerudi majivuni, vumilia mwandiko. Wazee walifungua nyumba wiki iliyopita. Tulinyolewa nywele, moto wa zamani ukazimwa, tukawasha mpya. Mtu wa kwanza kunipa mkono alikuwa Mwenyekiti, na alisahau kuuachia, kama kawaida yake. Mwalimu aliingia uani akakaa kitini kwetu. Nilishangaa kwamba ni mfupi. Njiani alikuwa anaonekana mrefu.

Uliniuliza kama umeharibu. Sikukujibu kwa sababu ilinibidi nipige kelele, na hili sikutaka kulipigia kelele. Sasa naandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Nilirudi na ng'ombe, nikala, nikachukua gitaa. Uzi wa kwanza ulikuwa umelegea sana, nikaona ni joto, nikaukaza. Nikaanza wimbo wa palizi. Nilipokaribia pale nilikuwa nimeshajiandaa kukaa. Nikabonyeza cha saba.

Ikalia. Noti yote, safi, ndefu, vile vile alivyokuwa akiiimba.

Alfredi, niligeuka kumwangalia. Mwili wote uligeuka kwenye kile kigoda cha mlangoni, na nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia umepatia.

Kwenye kigoda alikuwa amekaa Odilia, magoti yamefika kidevuni kwa sababu ni cha mtoto, na kipande cha mti mkononi. Nilimtazama. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika, na sijawahi kumwambia mwanamke neno kama hilo. Akasogea, akakaa chini pembeni ya kigoda, akasema, "Hayupo, Baba Ima. Nimekaa hapa miezi yote hii na hujageuka hata mara moja."

Ndipo ikaja. Nililia kwa sauti niliyokuwa sijui ninayo. Odilia naye akaanza upya. Majirani walisikia, na hawakuweza kuingia, wakatoka wakasimama njiani wote, mstari wetu na mstari wa pili, wakakaa pale mpaka tuliponyamaza. Odilia aliwaona kupitia mabua. Mimi niliona asubuhi tu, majani yote ya njiani yamekanyagwa.

Toka siku hiyo naumia kila siku. Sitakudanganya kwamba ni vizuri. Lakini ninaongea na mke wangu.

Nilikukasirikia hata baada ya Krismasi. Ukitaka kujua hasira ilipokwisha, ilikwisha wiki iliyopita nilipoliona lile gitaa ulilowatumia bendi. Nyuma lina mkwaruzo wa beneti, ule nilioufanya mimi tulipokuwa JKT, nikakuomba radhi mwezi mzima. Sasa wewe unapigia nini? Mpumbavu wewe. Njoo ulichukue, na safari hii njia ni pana.

Jumapili tulipiga mbele ya ofisi ya kijiji. Ofisi ina mlango siku hizi, lakini gitaa jekundu Mwenyekiti ameniachia nilale nalo. Wimbo wa palizi ulikwenda mwanzo mpaka mwisho, kila mstari ukaisha mahali pake, watu wakapiga makofi. Odilia alikuwa amesimama upande wa akina mama. Kila nilipofika pale aliangalia chini, nami nilimwangalia yeye.

Filimbi, Mwalimu alituuliza. Odilia alisema ibaki shuleni. Inapulizwa asubuhi watoto wapange mstari, na tunaisikia mpaka huku.

Gitaa halirudi dukani. Meneja wako akikuuliza habari ya ile kasoro, mwambie imekwisha. Mwambie ilikuwa na mwenyewe.

Rafiki yako,
Baba Imakulata